Mlevi wa Itundwe

Siku tuliyomzika mama mkwe wangu, watani wetu wa kijiji cha Mseko walifika kabla maiti haijatolewa ndani. Ndivyo walivyo hao. Wachimba kaburi walipoweka majembe chini wapumue, mmoja wa watani akaruka kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka aletewe jogoo mwekundu. Wengine wakavamia jiko, wakakalia mifuniko ya masufuria yetu na kutangaza kwamba marehemu alikuwa mchoyo, basi leo wali wake utaliwa na wao kwanza. Mume wangu, macho yamemvimba kwa kulia, alijikuta anacheka bila kupenda. Kazi ya mtani ndiyo hiyo, kukupunguzia msiba kwa kukutukana.

Mtani wangu mimi ni Zaituni. Utani wetu tumeurithi kwa mababu walioibiana ng'ombe mpaka wakachoka, wakapatana, wakaapa kwamba vizazi vyao vitatukanana bila kukasirikiana na havitanyimana kitu. Mtani akiingia kwako akabeba chochote, humkatazi. Akikupa kitu, hukikatai. Zaituni ameshaondoka na sufuria zangu, mitandio yangu, na safari moja alibeba mlango wa banda la kuku. Siku hiyo ya msiba alijifunga kanga ya marehemu, akatoka nayo uwanjani akimwiga. Mama mkwe alikuwa mtu wa maji ya zamani: mgongo umekaza, magoti hayakunji, akitaka kugeuka anageuka mwili mzima. Zaituni alimpatia kabisa. Alivyoutupa mguu wa kushoto pembeni, alivyoshika kiuno kabla ya kuinama, watu walivunjika mbavu. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Akasimama katikati ya uwanja, akatunyooshea kidole.

"Na huyo Mlevi wenu anatukojolea huko chini," alisema. "Maji yetu siku hizi yana ladha ya magadi. Mvisheni nepi."

Tukacheka zaidi. Mzee mmoja alikohoa mpaka akapigwa mgongoni.

Baadaye nilikwenda nyuma ya jiko kuchukua kuni, nikamkuta Zaituni huko. Kanga ya marehemu ameshaivua, mchezo umekwisha, hakuna wa kumtazama. Alikuwa anajaribu kukaa kwenye kinu kilicholazwa. Alishika ukuta, akautupa mguu wa kushoto pembeni, akajishusha polepole huku ameuma mdomo. Pembeni yake alisimama mwanawe Mwatumu, mtoto wa miaka minne hivi, ameshikilia sketi ya mama yake. Miguu ya mtoto ilikuwa imepinda kwa nje kuanzia gotini, na katikati yake kuku angepita bila kuinama.

Kumbe hakuwa akimwiga mtu. Niliziacha kuni palepale nikarudi mikono mitupu, na nilipoulizwa kuni ziko wapi nikasema zina siafu.

*

Wasiotoka huku hawayaelewi maji yetu. Ukiyachota ni meupe, hayana harufu, hayaharishi mtu. Yangekuwa yanaua, tungeyakimbia zamani. Yana floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba yetu wenyewe, na kazi yake ni ya taratibu: meno ya watoto yanaota yakiwa na rangi ya chai, mifupa inapinda ikiwa bado michanga, na ukifika utu uzima viungo vinaanza kujifunga kimoja kimoja. Mwanangu wa kwanza, Mkiwa, aliyanywa tangu tumboni. Ana miaka kumi na saba sasa na kutembea kwake mnakuona.

Mseko, huko bondeni, walikuwa na visima vitamu tangu dunia iumbwe. Tulishuka kwao na ndoo, tukapanda nazo kichwani, na walitukaribisha kwa matusi: karibuni meno ya chai, mmekuja kuosha vinywa? Mama yake Zaituni alinichotea mwenyewe nilipokuwa na mimba ya Mkiwa. Lakini nani anaweza kupanda mlima ule kila siku na tumbo? Siku nyingi nilikunywa ya nyumbani.

Ndipo wakaja watu wa mradi wa maji na kuvu lao. Walilipanda ndani ya kisima kirefu, likasambaa chini ya ardhi kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Walitueleza vizuri, siwasingizii. Hakuna kiumbe kinachokula floraidi, walisema. Kuvu linaisukuma tu: uzi mmoja unaipokea na kuupa mwingine, mpaka inafika mbali na kisima, kwenye mwamba wa chokaa ulio kati yetu na Mseko. Floraidi ikikutana na chokaa hushikana ikawa jiwe, haimdhuru mtu tena. Muhimu ni kipimo cha chakula. Likilishwa kwa kiasi, nyuzi zinaishia kwenye chokaa. Likishibishwa kupita kiasi, linatafuta njia.

Chakula chake ni machicha ya pombe ya mtama yaliyokandwa na chachu maalumu. Bila chachu hiyo kuvu halitambui kwamba limepewa chakula. Chachu inatunzwa hai ndani ya kibuyu, kijiko kimoja cha zamani kinaambukiza machicha mapya, na duniani kote hakuna nyingine inayolingana na kuvu letu. Walitafuta mtu wa kuitunza, wakaambiwa mpika pombe wa Itundwe ni Mama Mkiwa. Kibuyu kikaingia jikoni kwangu. Kwa kuwa lilikuwa linakula machicha na kunuka kilabu, watu walilibatiza kuvu jina la Mlevi.

Mwaka uliofuata nilimzaa Shukuru. Miguu yake ilinyooka kama mchi. Nilikuwa namvua soksi usiku niitazame tu.

Basi watu wakaonja utamu. Maji ya kunywa yalitosha, sasa yakatakiwa ya vitunguu. Mwenyekiti wetu Ntandu alikuwa wa kwanza kulima, na wa kwanza kuja kwangu kwa sauti ya upole kuuliza kama Mlevi hawezi kuongezewa kidogo. Nikaongeza. Wakaja wenye ng'ombe, nikaongeza. Ukimshibisha Mlevi, kisima kinatoa maji matamu mengi, na jina langu lilikuwa linatajwa kwenye harusi. Sikulazimishwa na mtu. Nilipenda kushukuriwa, ndiyo kweli yenyewe.

Katika kibanda cha kisima wale wa mradi waliacha kioo ukutani kinachoonyesha nyuzi za Mlevi zilipofika, rangi ya kijani juu ya ramani. Mimi nilikuwa nimekifunika kwa gunia. Nikiulizwa nasema mwanga wake unaharibu chachu.

Kesho yake baada ya mazishi nililiondoa lile gunia. Kijani kilikuwa kimepita chokaa kama vile hakuna ukuta. Kilikuwa kimeteremka bonde lote na kujikusanya chini ya Mseko, kizito, hasa pale penye visima. Mlevi alikuwa anabeba sumu yetu yote na kwenda kuitapika kwa watani. Na wao hawakuwa na wa kuwaambia, kwa sababu zahanati ya serikali inayosafiri kwa ndege na kupiga picha za mifupa hutua kwenye vijiji vyenye maji mabaya tu. Mseko imeandikwa maji mazuri tangu enzi.

Zaituni alikuwa ametuambia. Mbele ya watu mia alisimama akasema. Ila kwetu neno la mtani halina uzito wa ushahidi, mtu analicheka na kulisahau kabla hajanawa mikono.

Nilikaa kwenye kile kibanda nikiwaza kupunguza chakula. Lakini hilo nalo nilikuwa nimeshaelezwa. Mlevi aliyetambaa mbali akipata njaa hafi kuanzia miguuni, anaanza kufa mdomoni, na mdomo wake ni kisima chetu. Ama nimlishe kama alivyozoea, ama nimwache afe na floraidi irudi ilikotoka, kwa Shukuru. Katikati hapakuwa na kitu.

Nikakanda machicha, nikamlisha.

*

Nilikwenda kwa Mwenyekiti Ntandu. Nilimkuta shambani anapanga vitunguu kwenye nyavu, nikamweleza yote, hata habari ya gunia. Si mtu mbaya, Ntandu. Mama yake alikufa akiwa amekunjamana kiasi kwamba jeneza lilitengenezwa kwa mraba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye suruali, akaniuliza kama nimemwambia mtu mwingine. Nikasema hapana. Akapumua.

Kisha akanieleza dawa yake. Tutawaandikia watu wa mradi wampande Mlevi na huko Mseko. Watamlisha wao, ataisukuma sumu mbele zaidi, kuelekea kijiji cha Lamba, na Mseko watapata maji yao kama zamani. Nilimuuliza, na watu wa Lamba je?

"Lamba hatuna watani, Mama Mkiwa," alisema. "Hatutawasikia."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimkemea. Nilisema nitafikiri. Na njiani kurudi nilifikiri kweli, nikaona si wazo baya sana, na nilipofika mlangoni kwangu nilikuwa nimeshaanza kuhesabu magunia ya mtama. Hapo ndipo nilipojiogopa. Lakini kuogopa ni bure, hakukunizuia. Ilipofika siku ya kulisha nililisha, na iliyofuata nikalisha, na kila nikikanda nilikuwa namwona Mwatumu ameshikilia ile sketi. Shukuru akiniletea kikombe cha maji ninywe nilikuwa nakunywa nimefumba macho. Alikuwa ameanza kuota meno ya ukubwani mbele, mawili, meupe kabisa. Kutwa anajiangalia kwenye kijiko.

*

Arobaini ya mama mkwe ikafika, na watani nao. Safari hii Zaituni alikuja na ndoo kichwani. Alipanda mlima wote ule na ndoo, na aliingia uwanjani akichechemea, na kila alivyochechemea watu walishangilia, wakidhani anaendeleza mchezo wa msibani. Niliona jasho lake. Mwatumu alikuwa amebebwa na shangazi yake kwa nyuma.

Zaituni akaitua ndoo katikati. Alisema zamani sisi meno ya chai tulikuwa tunashuka kwao kuomba maji, tukapata Mlevi tukaota kiburi, hatushuki tena hata kusalimia. Basi wao wametuletea, tusije tukasahau ladha ya nyumbani kwao. Akatoa kikombe cha bati na kuanza kugawa.

Watu walikunywa kwa vituko. Mmoja alijitia kuanguka, mwingine akauliza kama ndoo hiyo haikuoshewa ng'ombe. Wazee, niliona, waliacha mizaha baada ya kuonja. Ile ladha ya maji yetu ya zamani hawakuwa wameisahau. Ntandu alikunywa, akafuta midomo, akasema ahsante mtani, maji safi, na hakunitazama.

Zaituni akaja mpaka nilipokaa. Shukuru alikuwa ameegemea magoti yangu. Zaituni akachota, akamsifia mtoto meno yake, akamwambia mchumba, kunywa, haya ndiyo maji aliyokunywa bibi yako. Shukuru akanyoosha mikono miwili, kwa adabu, kama nilivyomfundisha.

Kikombe kimoja hakipindi mfupa. Hata kumi havipindi. Najua hilo kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Lakini mkono wangu haukuniuliza. Nilikipiga kile kikombe kikaruka, kikagonga jiwe, maji yakamwagikia miguu ya Zaituni.

 Tangu enzi za babu wa babu yangu hakuna aliyewahi kukataa kitu kutoka mkononi mwa mtani, achilia mbali kukipiga. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Maji ambayo mtoto wake anapewa asubuhi na jioni, wangu nilimpokonya yasimguse mdomo.

Zaituni alitazama miguu yake iliyolowa. Alipoinua uso hakuwa na kicheko chochote.

"Mama Mkiwa," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo maishani mwake. "Ni kikombe kimoja tu."

"Najua."

"Kumbe unajua. Tangu lini?"

Watu wote walikuwa wananitazama, mume wangu, Ntandu, wazee. Nikasema tangu msibani. Nikawaeleza juu ya nyuzi na chokaa na visima vyao, maneno yanatoka yenyewe, na hata katika kusema kweli hiyo nilikuwa bado nimebakiza uongo. Zaituni hakusubiri nimalize. Alimimina maji yaliyobaki chini, akachukua ndoo yake, na watu wa Mseko wakamfuata bila kuaga na bila kula.

*

Usiku huo Itundwe hawakulala kwa mabishano, na wengi walisema Mlevi alishwe. Ntandu alinitumia ujumbe kwamba kibuyu kihamishiwe kwake asubuhi, kwa usalama. Nilijibu sawa.

Asubuhi, kabla Ntandu hajafika, akaja Zaituni, peke yake, Mwatumu mgongoni. Nilikuwa nafagia. Nikasikia sauti langoni inasema hodi.

Mtani habishi hodi. Miaka yote hiyo aliingia kwangu kama upepo, nikistuka yuko jikoni anafunua vyungu. Sasa alisimama nje ya lango akisubiri kuitikiwa. Nikasema karibu. Aliingia, akaketi kwenye kigoda nilichomwonyesha, akamshusha mtoto. Akaniuliza habari za asubuhi, nikamjibu nzuri. Akaniuliza wa nyumbani, nikamjibu hawajambo.

Nilijua alichofuata: bila chachu Mlevi angekufa, na visima vyao vingepona. Hakukitaja. Nami nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka natamani kujifukia. Niliingia jikoni, nikakitoa kibuyu cha chachu, nikakiweka uani juu ya kinu, mbele yake kabisa, nikasema nakianika kidogo, naingia kuchemsha chai. Nikaingia. Nikasimama nyuma ya mlango na kuomba akiibe. Akikiiba yeye, ni utani, ni haki yake, kijiji kitasema mtani amebeba, na mimi nitakuwa sijachagua mtoto wa mtu. Nilikaa huko mpaka chai ikachemka ikamwagikia moto.

Nilipotoka kibuyu kilikuwa palepale. Mkiwa alikuwa ameketi kizingitini anachambua mtama, miguu yake ameinyoosha mbele kwa namna inayomuuma kidogo. Alikuwa ameniona nyuma ya mlango. Mikono yake ilikuwa imeacha kuchambua.

"Nimeona ulivyokiweka," Zaituni alisema. "Juzi ningekichukua, wewe ungepiga kelele za uongo, na watu wangecheka. Jana ulikimwaga kikombe changu. Mimi na wewe si watani tena, Mama Mkiwa. Siwezi kukuibia. Nipe, au uninyime."

Mwatumu alikuwa anajaribu kumfuata kuku. Alikwenda hatua chache, akakaa chini, akaanza tena.

Nilikichukua kibuyu. Kilikuwa na joto la chachu hai, kama kawaida yake. Niliwaza Ntandu yuko njiani, na vitunguu, na ng'ombe. Niliwaza yale meno mawili. Nikamwendea Zaituni, nikampa kwa mikono miwili, na kabla hajakipokea nikamwambia kilichobaki.

"Si tangu msibani," nilisema. "Nilijua kabla. Nilikifunika kioo kwa gunia nisione."

Nilimtazama nikingoja anitukane. Angenitukania mama yangu na bibi yangu, ningepona. Alipokea kibuyu kwa adabu, kama mtu anayepokea kitu kwa mgeni, akasema ahsante, Mama Mkiwa. Akambeba mwanawe, akajiinua kwa kushika nguzo, akautupa mguu pembeni, akaondoka. Langoni aliufunga mlango nyuma yake. Hakuwahi kuufunga kabla.

Mkiwa akarudia kuchambua mtama.

Shukuru aliingia kutoka kucheza, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi wa maji yaliyokuwa bado matamu, akachota, akanywa akihema ndani ya kikombe, akachota tena. Aliponigeukia midomo ilikuwa inadondoka maji na meno yake yanang'aa. Akaniuliza kwa nini nalia.

"Kunywa," nikamwambia. "Kunywa unavyotaka."